Mazoea ya Kawaida au Ugonjwa? Jibu kwa Mwalimu wa Jinja na Mdogo Wake Anayerudia Udhu

Swali

Assalam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja, Uganda, nina miaka 31. Tangu utotoni silali kabla ya kugusa kufuli la mlango mara mbili, vikombe vyangu lazima vishikio vielekee upande mmoja, na madaftari ya watoto huyahesabu mara mbili hata nikiwa na hakika. Wenzangu kazini hunitania kwamba nina OCD, ule ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kulazimika. Nilikuwa nikicheka nao, lakini sasa naogopa, kwa sababu mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 19 hukaa na maji karibu saa nzima kwa udhu mmoja, hurudia takbira mpaka imamu anatoa salamu, na kila siku huniuliza kama nina hakika kuwa jerikani la maji halikuguswa na najisi. Baba anasema huo ni ucha Mungu, shangazi anasema ni jini. Je, mimi na mdogo wangu tunaumwa kitu kimoja, au ni watu wenye tabia zetu tu?

Jibu

Waalaikum salaam, dada yangu. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa ana kwa ana, lakini kwa maelezo uliyoyatoa ninaona watu wawili walio katika hali mbili tofauti, ingawa kwa anayetazama kwa nje nyote wawili mnarudia mambo. Wewe una mazoea. Mdogo wako ana dalili zinazostahili kuchunguzwa na mtaalamu wa afya ya akili bila kuchelewa, na ningependa uelewe kwa nini nasema hivyo, maana ukishaielewa tofauti hiyo utaweza kuwaeleza baba na shangazi bila kugombana nao.

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kukitazama kitendo chenyewe na kutaka kitendo kiwaambie nani mgonjwa na nani mzima. Kuosha mikono hakumtambulishi mgonjwa. Ebola ilipozuka Mubende na Kassanda mwaka 2022, na kabla yake korona ilipotufungia majumbani, milango ya maduka, makanisa na misikiti ilikuwa na ndoo za maji na sabuni, na aliyenawa mara nyingi kwa siku alikuwa akifuata maelekezo ya Wizara ya Afya. Wakala wa pesa za simu anayesoma namba ya mteja kwa sauti mara mbili kabla ya kubonyeza anafahamu kwamba fedha zikienda kwa mtu asiyehusika, kuzirudisha ni kazi ngumu. Mwenye duka anayerudi kulitikisa kufuli katika mtaa wenye wezi ametumia akili. Hata jambo linaloonekana la ajabu, kama la mtu asiyekunywa chai mpaka amekoroga kwa kuzungusha kijiko upande wa kulia tu, huenda likaishi naye miaka sitini bila kumdhuru. Kwa upande mwingine, kitendo chenye heshima kubwa kama ibada kinaweza kuwa ndipo ugonjwa ulipojificha, na kwa sababu ya heshima hiyo hakuna anayethubutu kuuliza.

Ndiyo maana swali ninalowauliza wanaonijia ni hili: kitendo hicho kikizuiwa, ndani yako kunatokea nini? Chukua vikombe vyako. Mgeni akikusaidia kuosha vyombo na kuvipanga ovyo, huenda ukakereka, huenda ukasubiri aondoke ukavigeuza, na siku ukiwa na haraka ya kuwahi kengele ya asubuhi utaviacha hivyo hivyo, na ukifika darasani utakuwa umevisahau. Kufuli nalo unaligusa mara mbili na kulala. Ile mara ya pili inatosha, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mazoea yana mwisho, na anayeyaamua ni wewe. Mengi yanakupa utulivu au hata raha kidogo, na hayapingani na mtu unayetaka kuwa.

Sasa mfikirie mdogo wako akiitwa na baba katikati ya udhu. Nina hakika umekwisha kuuona uso wake wakati huo. Hofu humpanda, moyo humwenda mbio, na akilini linazunguka neno moja la shaka: je, kama mkono haukulowa vizuri, je, kama tone lilinirukia, je, kama sala yangu ni batili na nitaulizwa? Hawezi kuliacha jambo hilo likapita. Akirudi anaanza upya, na akimaliza hana furaha ya mtu aliyejitwaharisha, ana nafuu ya mtu aliyeponea chupuchupu, nayo haidumu hata dakika tano. Ukimuuliza wakati ametulia kama kweli anaamini kwamba maji yale yalikuwa na najisi, kuna uwezekano mkubwa atakujibu kuwa anajua hofu yake imezidi, lakini hawezi kuishinda. Wapo wagonjwa ambao hata ufahamu huo hufifia, hasa hofu inapokuwa kali, ila wengi wanao, na ndio unaowatesa kwa aibu.

Katika tiba, hali hii, ambayo ndiyo OCD, ina sehemu mbili. Kuna mawazo, picha au misukumo inayoivamia akili bila kutakiwa na kurudi kila inapofukuzwa, na kuna vitendo vya kulazimika, vya nje au vya moyoni, ambavyo mtu huvifanya ili kuituliza hofu iliyoletwa na mawazo hayo. Mgonjwa anaweza kuwa na sehemu moja, lakini wengi wana zote mbili. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unataka mambo haya yawe yanakula muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa moja kwa siku, au yawe yanamletea mtu dhiki kubwa au kuharibu masomo, kazi, familia na mahusiano yake. Nakusihi usiichukue saa moja hiyo kama mpaka wa shamba. Nimewaona watu ambao matendo yao yote hayafiki nusu saa, lakini hofu imewafungia ndani. Na wapo wanaopanga na kusafisha nyumba saa tatu kila siku huku wakiimba, nao hawaumwi.

Jambo ambalo wagonjwa hushtuka kulisikia ni kwamba mawazo yenyewe si ya ajabu. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rachman na de Silva waliwauliza watu wasio wagonjwa kama huwa wanajiwa na mawazo mabaya wasiyoyataka, na wengi mno, karibu wanane katika kila kumi, walikiri kwamba ndiyo. Mwaka 2014 swali la namna hiyo lilipoulizwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi 13, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepatwa na angalau wazo moja la aina hiyo katika miezi mitatu iliyotangulia. Wewe unaishi Jinja. Pengine umewahi kuvuka lile daraja jipya la Nile, ukatazama chini, na wazo la kutisha likapita kichwani: vipi kama ningejirusha? Hukutaka kufa, wala hukupunguza mwendo. Wazo lilikuja, ukashangaa, likaondoka. Mama amembeba mwanawe ngazini na picha ya mtoto akianguka inampitia. Muumini amesujudu na tusi linajitokeza akilini mwake. Akili ya binadamu huzalisha takataka nyingi za namna hii kila siku na sisi huziacha zipite.

Anayeumwa ugonjwa huu hazipiti kwake. Yeye hulichukua wazo kama ushahidi: kama nimeliwaza, basi huenda ni kweli, huenda mimi ni mtu mbaya, na nisipofanya kitu madhara yakitokea mwenye kosa nitakuwa mimi. Hapo ndipo anapoanza kuosha, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kukariri istighfari kwa idadi maalumu, au kukwepa kila kinachomkumbusha. Kitendo humpa nafuu, na nafuu hiyo ni kama mkopo wa mtu wa riba: leo unakutoa kwenye shida, kesho unadaiwa zaidi. Ubongo umejifunza kwamba hofu iliisha kwa sababu ya kitendo, wala haukupata nafasi ya kujifunza kwamba ingeisha yenyewe. Kwa hiyo mara ijayo hofu huja mapema zaidi, na kuosha mara tatu hakutoshi tena.

Utafiti mmoja unaueleza vizuri mtego huu. Mwaka 2003, huko Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa wanafunzi wenye afya njema kazi ya kuwasha, kuzima na kukagua jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta, na kundi moja likatakiwa kulikagua jiko lile lile mara nyingi. Mwishoni walioambiwa kukagua sana hawakuwa wamesahau zaidi ya wenzao, lakini imani yao katika kumbukumbu yao wenyewe ilikuwa imeporomoka. Walikumbuka kwa ukungu, bila kuona wazi walichokifanya. Watu hawa hawakuwa wagonjwa. Ina maana kwamba kurudia kukagua ndiko kunakoizalisha ile shaka ambayo mtu anadhani anaiondoa. Mdogo wako akiosha kiwiko mara ya kumi na tano, hana namna ya kukumbuka kama alikiosha mara ya kumi na nne, na kadiri anavyozidi kutafuta hakika ndivyo hakika inavyomkimbia.

Unaona basi kwa nini utani wa wenzako wa kazini unanisikitisha, ingawa najua hawana nia mbaya. Jina la ugonjwa linapogeuzwa kuwa sifa ya mtu msafi au mpenda mpangilio, wanaoumwa kweli hawajitambui, kwa sababu wengi wao hawafanani kabisa na picha hiyo. Nyumba ya mgonjwa inaweza kuwa chafu, kwa kuwa anaogopa kugusa vitu. Kuna mwendesha boda boda anayegonga shimo barabarani, akapata shaka kwamba aligonga mtu, akageuza pikipiki kwenda kutazama, akaona barabara iko wazi, akaondoka, kisha akageuza tena, mpaka abiria wakamkwepa. Kuna kijana aliyepima virusi vya UKIMWI katika kituo kimoja baada ya kingine, majibu yote hayana virusi, muda unaotakiwa umekwisha kupita, lakini kila jibu linamtuliza siku mbili tu kabla hajaanza kujiuliza kama mhudumu alichanganya sampuli. Kuna mlokole ambaye kila akifungua Biblia picha chafu zinamjia, naye anashinda akitubu kimoyomoyo, na kwa kuwa vitendo vyake vyote viko moyoni, mkewe anadhani amekuwa mtu wa kununa.

Na kuna mama aliyejifungua karibuni. Juu ya huyu nitakawia kidogo, kwa sababu ukimya wake una hatari. Picha za kumdhuru mtoto zinamjia, anaficha visu, anakataa kumwogesha mtoto akiwa peke yake, wala hamwambii mtu kwa hofu kwamba atanyang'anywa mwanawe au ataitwa mchawi. Mawazo haya yanampata kwa sababu mtoto ndiye anayempenda kuliko vyote. Yanakwenda kinyume na moyo wake, ndiyo maana yanamtia hofu kubwa kiasi hicho, na mama wa namna hii anayeyakimbia mawazo yake si hatari kwa mwanawe. Hali ni nyingine kabisa kwa mama anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeamini kwa dhati kwamba mtoto ni shetani na haoni tatizo katika imani hiyo, au aliyechanganyikiwa na halali usiku kucha. Huyo wa pili ana dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake. Ikiwa mtu nyumbani hawezi kutofautisha hali hizo mbili, na wengi hawawezi, basi ampeleke kwa mtaalamu atofautishe yeye.

Mambo mengine yanayofanana na ugonjwa huu nitayataja kwa haraka. Watoto wadogo, hasa kati ya miaka miwili na mitano au sita, hupenda taratibu zisizobadilika za kulala, kula na kuvaa, na hiyo ni hatua ya makuzi. Wapo watu wazima ambao ukamilifu ndio tabia yao nzima, wanaoamini kwamba njia yao ndiyo sahihi na wengine ndio wazembe. Hao huwachosha wanaoishi nao, lakini hawateswi na mawazo wasiyoyataka, na shida yao ni nyingine. Kuwaza madeni na karo usiku kucha ni wasiwasi juu ya mambo halisi ya maisha, nao una tiba yake.

Nije kwa baba yako. Anaposema ni ucha Mungu anasema kwa mapenzi na kwa fahari ya mzazi, na nisingependa umwendee kana kwamba unaishambulia dini ya mtoto. Mwombe atazame jambo moja tu: udhu umewekwa kwa ajili ya sala, na sasa udhu unaila sala. Kijana anakosa rakaa, anakosa sala ya jamaa, pengine wakati wa sala unamtoka akiwa bado ana maji mkononi. Mcha Mungu humaliza kutawadha akaenda kusimama mbele ya Mola wake. Mgonjwa hubakia mlangoni. Tena mgonjwa huchagua: anaweza kuwa mkali kupita kiasi katika najisi huku mambo mengine makubwa ya dini, hata adabu kwa wazazi wanaomsubiri, yakimponyoka, kwa sababu hofu yake imeng'ang'ania mahali pamoja.

Wanazuoni wa Kiislamu waliijua hali hii tangu kale na waliizungumza chini ya jina la waswasi. Kanuni ya fikihi isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka inafundishwa hata madrasa: aliye na hakika kwamba ametawadha, kisha akashuku, hubaki na udhu wake. Viungo vinaoshwa mara tatu na kuzidisha kunakatazwa, na hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Tabibu Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya mawazo yanayomwandama mtu na kumzuilia shughuli zake, akayatenganisha na huzuni na hofu za kawaida. Kwa hiyo imamu mwenye elimu anaweza kuwa msaada mkubwa kwa familia yenu, naye anaweza kumweleza baba kwa lugha anayoiheshimu kwamba kumtibu kijana si kumpunguzia imani.

Lakini nina tahadhari moja hapa, na nimeona familia nyingi zikikwama juu yake. Mdogo wako huenda anazijua hukumu hizi kuliko wewe. Akisomewa kanuni ya yakini atatulia mpaka magharibi, kisha atauliza kama ile aliyokuwa nayo ilikuwa yakini kweli. Akienda kwa sheikh mmoja, kesho atakwenda kwa mwingine, na fatwa zenyewe zitakuwa zimegeuka kuwa sehemu ya kitendo cha kulazimika. Kinachofaa ni awe na imamu mmoja, amuulize mara moja, apewe jibu moja fupi, na baada ya hapo imamu akubaliane na mtaalamu kwamba hatalirudia.

Kwa shangazi, usibishane juu ya kuwepo kwa majini. Akitaka kumsomea kisomo, asome, mradi kijana asipigwe, asifungwe, asinyimwe chakula, na safari ya hospitali isiahirishwe kwa ajili hiyo. Mwambie pia kwamba ugonjwa huu kwa kawaida huanza kati ya utoto na mwanzo wa utu uzima, mara nyingi kabla ya miaka 25, na kwamba mtu mmoja hivi katika kila hamsini, kwa makadirio ya nchi nyingi, huupata katika maisha yake, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini. Ugonjwa hukamata kile mtu anachokithamini. Kwa mwenye dini hukamata dini.

Sasa nije kwako mwenyewe, na sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Unasema kila siku anakuuliza kama una hakika juu ya maji ya jerikani, na bila shaka unamjibu kwamba ndiyo, una hakika. Umemjibu kwa huruma, nami sikulaumu, lakini jibu hilo linafanya kazi ile ile ya kuosha mara ya kumi na tano. Familia nyingi hufika mahali ambapo nyumba nzima inaishi kwa sheria za ugonjwa: maji ya mgonjwa hayaguswi, taulo lake halianikwi na la mwingine, mama anafua nguo safi mara mbili ili kuepusha machozi. Usiache ghafla, kwa maana ataona umemtupa. Kaeni wakati ametulia, mwambie kwamba umeelewa anateswa na shaka na kwamba uko upande wake dhidi ya hiyo shaka, kisha mkubaliane kwamba swali la jerikani utalijibu mara moja tu kwa siku. Akiuliza tena, mwambie kwa upole: nakuona shaka imekujia, nami nimeahidi kutokuijibu, lakini nitakaa nawe mpaka ipungue. Kaa naye kweli. Itapanda, itamtoa jasho, halafu itashuka, na kushuka huko bila jibu ndilo somo ambalo ubongo wake ulikuwa umekosa.

Huo ndio msingi wa tiba yenyewe. Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alieleza mwaka 1966 jinsi alivyowasaidia wagonjwa wawili kwa kuwakabilisha na walichokiogopa huku akiwazuia kufanya vitendo vyao, na tangu wakati huo njia hiyo imechunguzwa sana na imebaki kuwa tiba ya mazungumzo yenye nguvu kuliko zote kwa ugonjwa huu. Hufanywa hatua kwa hatua, kwa ridhaa ya mgonjwa, kuanzia hofu ndogo. Kwa mdogo wako haitamtaka afanye jambo la haramu wala asali bila udhu. Itamtaka atawadhe kama Waislamu wengine wanavyotawadha, kwa birika moja lenye kipimo kilichokubaliwa, kila kiungo mara zinazojulikana, kisha aende kusali akiwa amebeba shaka yake bila kuirudia. Atasema sala hiyo anaihisi haijakamilika. Hisia hiyo ndiyo anayojifunza kuivumilia.

Dawa nazo husaidia, hasa pale hofu inapokuwa kali kiasi kwamba hawezi kuanza mazoezi. Zinazotumika ni zile za kundi la fluoksetini na setralini, pamoja na klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona na wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa kuwa zimefanya kazi au la, kwa hiyo anayeziacha baada ya wiki mbili hakuzijaribu. Kwa kuwa ana miaka 19, wiki za mwanzo mumwangalie kwa karibu, kwani baadhi ya vijana huwa na fadhaa au mawazo ya kujidhuru dawa zinapoanza, na hilo liripotiwe kwa daktari mara moja. Msimnunulie diazepamu dukani. Itamlaza, haitamtibu, na kuiacha baadaye kunaweza kuwa mzigo wa pili.

Huna haja ya kusafiri mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, kwa hatua ya kwanza. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Jinja ina idara ya afya ya akili, na huko atachunguzwa, ataanzishiwa dawa ikibidi, na ataelekezwa kwa mwanasaikolojia. Muulizeni wazi mtakayempata kama anaijua tiba ya kukabili hofu na kuzuia kitendo, kwa maana ushauri nasaha wa kawaida wa kutulizana na kupeana moyo hautoshi kwa ugonjwa huu na unaweza kuulisha. Kabla ya kwenda, mdogo wako aandike kwa wiki moja udhu unaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, maswali anayouliza, mambo anayoyakwepa, na, akiweza, mawazo anayoyaficha. Daktari asipoelezwa yaliyo moyoni huenda akatibu huzuni tu na kuacha chanzo chake.

Kuhusu wewe na vikombe vyako, kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu kunaongeza uwezekano wa mtu kuupata, lakini huna unalopaswa kutibiwa leo. Nitabadili maneno yangu ikiwa ile mara ya pili ya kugusa kufuli itakuwa ya tano, ikiwa utaanza kuchelewa shule kwa sababu ya madaftari, au ikiwa utaamini kwamba usipohesabu mtoto fulani atapatwa na baya. Usianze kujikagua kila usiku kutafuta dalili hizo; zikija zitajionyesha.

Mpeleke mdogo wako ndani ya wiki chache zijazo, wala usingoje baba na shangazi wakubaliane juu ya chanzo. Ila akiacha kula au kunywa kwa hofu ya najisi, akiacha kutoka chumbani kabisa, au akisema afadhali afe kuliko kuendelea hivi, msingoje hata miadi: mchukueni siku hiyo hiyo mpaka hospitali, iwe mchana au usiku, na mpaka hapo asiachwe peke yake.